Barua Iliyosema Gurudumu Limenyamaza

Hounslow, London
2 Machi 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Bahasha hii nimeiandikia jina la wifi Atupele, kwa sababu jina lako sijalitamka wala kuliandika tangu Ambrose anioe, na leo sioni kama ni siku ya kuanza. Najua atakupa.

Utashangaa mkamwana kukuandikia. Hata mimi najishangaa. Kwetu Karagwe mkwe wa kike anampakulia baba mkwe chakula na kumtania juu yake. Nilipoletwa Tukuyu ndipo nikafundishwa kwamba kwenu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso wala hawasemezani. Wewe ukipita njia hii, mimi nipite ile. Miaka kumi na moja nimelishika hilo. Ninachokijua kwako ni mgongo wako siku ya harusi, ukitokea mlango wa nyuma ili mimi niingilie wa mbele, na kikohozi chako kwenye simu kabla Ambrose hajaondoka nayo kwenda jikoni. Lakini kuandika hakuna aliyenikataza. Nilimuuliza Ambrose akacheka. "Andika," akasema, "wakikutoza ng'ombe nitakutetea."

Shida yangu ni baiskeli. Naendesha kwenda kazini, maana shifti ya wodini inaanza saa moja asubuhi na basi la kwetu hapa lina tabia zake. Jumapili baada ya misa natoka na wauguzi wenzangu, tunakwenda hadi Richmond Park na kurudi. Nilipotimiza miaka arobaini Ambrose alininunulia magurudumu mapya ya kaboni. Ringi zake si chuma wala alumini, ni nyuzi nyeusi zilizogandishwa kwa gundi, na kwa wepesi wake naliinua gurudumu kwa kidole kimoja. Nayapenda kupita kiasi. Ila la nyuma linalia.

Nimelichunguza kama ninavyomchunguza mgonjwa. Ni tik moja kila mzunguko. Kwenye mlima ipo, kwenye tambarare ipo, na nikiacha kukanyaga bado ipo, kwa hiyo si mnyororo wala pedali. Nikienda polepole ndiyo naisikia zaidi. Nikishika kasi inapotea kabisa. Mvua haibadilishi kitu.

Fundi wa mtaani kwetu, Bwana Rakesh, ana foleni ya wiki tano. Na ukweli, Baba, sikutamani kumpelekea yeye. Ambrose anasema zamani ulikuwa unakaa kibarazani, baiskeli inapita barabarani, na bila kuinua kichwa unasema, "Yule gololi zimekwisha." Nilitaka uisikie na yangu.

Mwanetu Lusajo anamwamkia babu yake. Anaamkia kwa Kiingereza, lakini anaamkia.

Mkamwana wako,
Valeria


Tukuyu
19 Machi 2025

Mama Lusajo,

Marahaba. Barua imefika. Nilimuuliza kaka yangu mkubwa kama kuandikiana kunahesabika kuwa ni kusemezana. Akafikiri tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, kisha akasema wazee hawakuwa na posta. Hilo nimelichukua kuwa ruhusa.

Umeandika vizuri. Nimekuwa fundi miaka arobaini na sita, na watu wananiletea baiskeli wakisema "inapiga kelele", basi, utadhani kelele ni ya aina moja. Wewe umeniletea sauti yenyewe. Nimeisoma, nikafumba macho, nikaisikia. Nakwambia kweli, tangu bodaboda zijae hapa mjini inaweza kupita wiki sijashika spana. Siku ile ilipofika barua yako nilifungua karakana kabla ya jua.

Sasa sikiliza. Tik moja kila mzunguko, hata ukiacha kukanyaga, hiyo ni spoki. Gurudumu likiwa jipya spoki hazijazoeana. Mbili zinazopishana zinasuguana kila zinapofika chini na kubeba uzito wako. Kiwandani wanakaza kwa mashine, na mashine haina sikio.

Nunua spana ya spoki. Pindua baiskeli, kisha piga kila spoki kwa ukucha, moja moja, huku umeinamisha sikio. Itakayotoa sauti nzito ndiyo mvivu. Ikaze mpaka ilingane na wenzake. Baada ya hapo kaza zote nusu mzunguko. Endesha siku mbili. Tik ikiwa bado ipo, kaza zote nusu nyingine. Usiogope mlio wake ukipanda, ndivyo inavyotakiwa. Magurudumu ya mapadri wa Rungwe niliyoyakaza hivyo mwaka themanini na tatu mengine yanatembea hadi leo.

Hiyo kaboni sijawahi kuishika, nimeiona kwenye televisheni tu. Lakini gurudumu ni gurudumu.

Niandikie ilivyokwenda. Jina langu nimelitia hapo chini, wewe si lazima ulisome kwa sauti.

Ulimboka


Hounslow
6 Aprili 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Nilimpata mvivu, alikuwa wa tisa nikihesabu kutoka kwenye valvu. Nikakaza zote nusu mzunguko, nikaendesha siku mbili, nikakaza nusu nyingine.

Gurudumu limenyamaza. Tik imekwisha kabisa. Wenzangu wameniuliza nimelipeleka kwa fundi gani, nikawaambia fundi wangu yuko Tukuyu. Asante sana, Baba. Mungu akuzidishie afya.

Mkamwana wako,
Valeria

(Karatasi ya pili, ndani ya bahasha hiyohiyo)

Wifi Atupele,

Hii ni yako, ichomoe kabla hujampelekea Baba barua yake. Tik bado ipo. Nimekaza mara mbili kama alivyosema, vidole vikauma, na bado ipo vilevile. Lakini kila nikiisoma ile barua yake, jinsi alivyofungua karakana kabla ya jua, nashindwa kumwandikia kwamba hakupatia. Tena mimi, mkamwana, na barua yenyewe ni ya pili tu. Ningeanzia wapi?

Foleni ya Bwana Rakesh ikifika nitampelekea, kimyakimya. Usimwambie Baba. Ni tik tu, haimuumizi mtu.

Wifi yako, Valeria


Tukuyu
24 Aprili 2025

Mama Lusajo,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimeibandika ukutani, juu ya meza ya kazi, karibu na kalenda. Anayeingia anaisoma. Asiyejua kusoma namsomea mwenyewe. Kaka yangu amekuja mara mbili kuiona, na mara ya pili alikuja na miwani.

Nitakwambia jambo ambalo hata Ambrose sikumwambia. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimeamua kufunga. Spana zote nilikuwa nimezipaka mafuta na kuzifunga kwenye gunia. Sasa zimetoka guniani.

Kuna mwalimu wa fizikia hapa, anaitwa Deus. Ni mtu mzima, ana watoto wawili, na ndiye mwendeshaji mzuri kuliko wote huku kwetu. Tarehe ishirini na nne Mei kuna mashindano ya kutoka Uyole hadi Tukuyu. Unaijua ile barabara. Kutoka Isongole kuja chini ni mteremko usiokwisha, na malori ya viazi yapo. Deus amepata magurudumu ya kaboni, yaliyotumika, kutoka kwa mzungu mmoja wa Dar. Yanalia kidogo. Amesikia habari zako, ataniletea wiki ya pili ya Mei niyakaze kama nilivyokaza ya kwako.

Yeye ni mtu wa vitabu, akaniuliza kama kaboni inavumilia mkazo wa namna hiyo. Sikubishana naye. Nilimwonyesha ukutani.

Ulimboka


Hounslow
Jumamosi, 17 Mei 2025, alfajiri

Kwa Baba,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, uniwie radhi. Wa kulia umefungwa kifuani tangu Jumapili ya tarehe ishirini na saba Aprili.

Nilikuwa nashuka mlima Richmond Park. Si mlima wa kwenu, ungeuita tuta. Nilisikia mlio mmoja mkubwa nyuma yangu, baiskeli ikayumba, na niliyoyaona baada ya hapo ni majani karibu sana na jicho. Mtulinga, ule mfupa wa begani, umevunjika mahali pawili. Nilimkataza Ambrose kuwaambia. Nilimwambia Baba atapata wasiwasi bure.

Sikuwa nakukinga na wasiwasi, Baba. Nilikuwa nakukinga na habari yenyewe.

Bwana Rakesh alilichukua lile gurudumu, akalikagua, kisha akauliza nani amelikaza. Nikasema ni mimi. Akanionyesha. Ringi ya kaboni haipindi kama ya chuma. Chuma ukikizidishia mkazo kinanyoosha spoki au kinajikunja kidogo, unakiona na kukirekebisha. Kaboni inakaa vilevile, mpaka siku inapasuka kwenye tundu la spoki. Spoki zile zilitoka kiwandani zikiwa zimefika mwisho wa kukazwa. Mzunguko mzima niliouongeza ndio ulioipasua.

Kisha akatafuta tik. Hakutumia hata dakika moja. Ilikuwa ni valvu, ule mrija wa kujazia upepo. Tundu lake kwenye ringi lilikuwa pana kidogo, kwa hiyo kila gurudumu lilipozunguka mrija uligonga ukingo. Dawa yake ni kipande cha utepe, upana wa ukucha wangu.

Barua yako ya Aprili ilifika juzi, Alhamisi. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye habari za mwalimu Deus nikakaa chini sakafuni.

Jana Ambrose alikupigia. Alinirudia uso umemshuka. Nikamuuliza wewe, Baba, umesemaje. Akasema, "Baba kanigomea. Kasema mimi tangu utoto sijawahi kushika spoki, nitajuaje. Kasema, Ninayo barua yake mkononi, ina sahihi yake, imesema gurudumu limenyamaza. Nimwamini yeye aliyepanda au wewe uliyekuwa umelala?" Akampigia na Atupele. Atupele akakwambia yale niliyomwandikia kwenye karatasi ya pili, nawe ukamwambia mawifi huwa wana wivu.

Kwa hiyo anayekuzuia kusikia ni mimi. Nilisaini uongo, na sasa uongo wangu una nguvu kuliko watoto wako wawili. Naogopa, Baba. Naogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa nimelala kwenye majani yale. Wodini nimewaona wengi walioanguka kwa kasi kwenye lami, nami najua ni wangapi wanaorudi kuwafundisha watoto fizikia.

Barua hii haitakuwahi. Itafika mashindano yakiwa yamepita. Naiandika ili siku moja uwe na sahihi yangu nyingine ya kuweka juu ya ile ya kwanza. Nayathibitisha haya: gurudumu halikunyamaza hata siku moja. Nilidanganya. Usikaze ringi ya Deus.

Sasa hivi ni saa kumi na mbili na robo, kwenu saa mbili na robo. Nikimaliza kufunga bahasha nitampigia Atupele, nimwombe akuwekee simu sikioni bila kukwambia ni nani. Najua ninavunja nini. Ukoo ukitaka chochote baadaye, nitatoa.

Valeria


Tukuyu
8 Juni 2025

Mama Lusajo,

Atupele alishakutumia ujumbe kwamba Deus ni mzima. Zaidi ya hapo nilimkataza asiseme, kwa sababu nilitaka kuyaandika mwenyewe, na kila nikikaa mezani nilikuwa naishia kwenye tarehe. Barua yako ya mkono wa kushoto imefika Jumanne, ndiyo imenisukuma.

Siku ile ya simu nilikuwa nakunywa chai. Atupele akaniwekea simu sikioni, nikadhani ni Ambrose amerudi kubishana. Nikasikia, "Shikamoo Baba, ni Valeria, naomba usikate." Nikajua ni wewe, ingawa sauti yako sikuwa naijua. Ukasema barua ni ya uongo. Ukasema umeanguka, ukasema ringi imepasuka kwenye tundu. Niliiweka simu mezani. Atupele ananiambia ulibaki ukiita, Baba, Baba, ukidhani nimekasirika nikaondoka.

Niliondoka, ndiyo, lakini si kwa hasira. Magurudumu ya Deus nilikuwa nimeyamaliza Ijumaa jioni. Niliyamaliza baada ya Ambrose kunipigia. Uelewe vizuri hapo. Mwanangu alinionya mchana, na mimi kwa ukaidi nikaenda karakana nikakaza spoki zote, nusu mzunguko, kisha nusu nyingine papo hapo, nipate kumwonyesha. Deus aliyachukua Jumamosi alfajiri, apande nayo hadi Isongole na kushuka, kuyajaribu.

Sikuwa na namba yake. Nilikimbilia kijiweni nikapanda bodaboda, mara yangu ya kwanza, na nilimwambia dereva asinionee huruma. Tulipita Kiwira, Deus hayupo. Kupanda kule juu ukungu ulikuwa umefunga barabara, na kila lori lililoshuka nilitazama pembeni yake. Nina miaka sabini na nne na sijawahi kuomba vile kanisani.

Tulimkuta Isongole, kwenye kibanda cha viazi vya kuchoma, anapasha mikono moto kabla ya kushuka. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Sikumsalimia. Nilipiga magoti nikazungusha gurudumu la nyuma, nikapitisha ukucha kwenye kila tundu. Tundu la nne lilikuwa na ufa. Ukucha uliingia. Nikaendelea, na la kumi na moja lilikuwa hivyo hivyo. Nikamwita aje apitishe wake. Alipitisha, akanitazama. Nilisema mbele ya dereva wa bodaboda na mama wa viazi kwamba nimemkazia mwalimu kifo, na kwamba mkamwana wangu aliyevunjika bega London kwa ajili yangu ndiye aliyenitoa kitini. Tulishuka kwenye lori la viazi, baiskeli imelazwa juu ya magunia.

Mashindanoni alipanda magurudumu yake ya zamani. Alikuwa wa tisa. Mke wake alikuja karakana kesho yake, akasimama mlangoni, akaniamkia, akaondoka. Sijui alikuja kusema nini.

Barua yako iliyosema gurudumu limenyamaza nimeibandua. Mahali pake nimebandika ile ya mkono wa kushoto, kurasa zote, na wateja wanaisoma. Wengine wamehamia kwa fundi wa stendi, na siwalaumu. Deus bado anakuja. Amenichapia karatasi zinazoeleza mkazo wa kila aina ya ringi kwa namba, na ameniagizia kipimo cha spoki, maana sikio langu amesema, kwa adabu, halisomi kaboni. Jioni ananifundisha kukisoma. Sipendi kufundishwa, lakini najifunza.

Sasa lile lako. Umeandika kwamba ulidanganya. Ulidanganya, na ilikuwa makosa, sitakufariji kwa hilo kwa sababu wewe ni muuguzi na unajua. Lakini nimejiuliza kwa nini mtu mwenye akili yako, anayeweza kuchunguza sauti kuliko mafundi, aliona ni rahisi kuvunjika kuliko kuniambia, Baba, hapo hukupatia. Jibu silipati kwako. Nalipata huku kwangu. Miaka kumi na moja nilitoka kwa mlango wa nyuma kila ulipoingia, na niliita hiyo heshima, na nilijisifu nayo.

Kaka yangu amekuja kuuliza ukoo ufanye nini na simu ile. Nimemwambia mila hii niliishika kama nilivyoachiwa, na sina ugomvi na wanaoishika. Ila heshima iliyomfanya mtoto wangu anyamaze na bega lake limevunjika, mimi siitaki tena nyumbani kwangu. Akaniuliza kama bega linaunga. Nikamwambia sijui, sijamuuliza.

Jumapili ya tarehe ishirini na tisa, baada ya ibada, mwambie Ambrose asiende jikoni. Piga wewe. Atupele hatashika simu, nitapokea mwenyewe. Sina mazoea ya kuzungumza na wewe na huenda nikakosa la kuendelea nalo. Lakini siku ile uliniamkia na mimi sikukuitikia, na katika yote niliyoyafanya mwaka huu, hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Niamkie tena, Valeria. Nitaitika.

Ulimboka